Paneli za Jua Nazo Huzeeka

Katika Mutoshi, kama katika mitaa mingine ya Kolwezi, paneli ya jua si kitu cha ajabu tena. Iko juu ya bati la mwalimu, la mchuuzi, la mchimbaji wa mkono, na la mjane auzaye unga. Yawasha taa mbili au tatu, yachaji simu, yampa mtoto saa ya kusoma baada ya jua kutua. Watu wameizoea upesi sana. Lakini siku ya kuinunua hawakuambiwa habari za kuzeeka kwake. Sasa nyingi za zile za kwanza zina umri, na katika nyumba nyingi yasikika maswali yale yale: Je, imekufa? Tununue nyingine? Hii ya zamani tuitupe wapi?

Twataka kujibu maswali hayo kwa kufuata historia, maana aliyejua chombo kilikotoka atajua pia jinsi kinavyokwisha. Neno letu kubwa ni moja, nalo twalisema tangu mwanzo. Paneli huzeeka polepole sana, bali betri hufa mapema. Nasi tunavichanganya vifo hivi viwili. Kwa kuvichanganya twapoteza fedha. Tena, na hili ndilo baya zaidi, twaweza kuwatia watoto wetu sumu ndani ya ua wa nyumba yetu wenyewe.

Shaba isiyotupwa

Tuanze na wazee wa nchi hii. Kabla ya makampuni kufika, Wasanga na majirani zao waliyeyusha shaba wakati wa kiangazi. Walichimba mawe ya kijani, wakajenga tanuru kwa udongo wa kichuguu, wakavuta mivukuto, kisha wakamimina shaba katika kalibu na kupata misalaba ile ijulikanayo mpaka leo. Mwaka 1926 Monsinyori Jean-Félix de Hemptinne, Mbenediktini aliyekuwa Prefekti wa Kitume wa Katanga, aliandika habari za kazi yao na kuwaita wala shaba. Msalaba wa shaba ulikuwa mali. Ulisafiri mbali kwa biashara, na fundi aliweza kuuyeyusha tena akapata waya au bangili. Shaba ilibadilika sura, lakini haikutupwa.

Mwanzoni mwa karne ya 20 walifika watafutaji wa madini wa kampuni ya Tanganyika Concessions, wakiongozwa na George Grey. Ruwe, ambako mgodi wake leo waitwa Mutoshi, kulijulikana kwa shaba na kwa dhahabu pia. Mwaka 1906 ikaundwa Union Minière du Haut-Katanga, na mwaka 1937 mji wa Kolwezi ukaanza kujengwa kuwa makao ya migodi ya magharibi. Migodi yataka umeme mwingi. Kwa hiyo maporomoko ya mito yakafungwa: Mwadingusha katika mto Lufira mwaka 1930, Nzilo katika Lualaba karibu na Kolwezi mwaka 1952, na Nseke mwaka 1956.

Halafu ikaja laini kubwa ya Inga. Ilimalizika mwaka 1982, urefu wake zaidi ya kilomita 1,700, nayo yaishia hapa hapa Kolwezi. Ilipita juu ya misitu na vijiji visivyohesabika bila kuviwashia taa, maana umeme wake ni wa namna isiyochotwa njiani kwa urahisi. Ulikusudiwa migodi.

Union Minière ilitaifishwa mwaka 1967, na kazi yake ikaja kuwa ya Gécamines. Katika miaka ya 1980 kampuni hiyo ilitoa tani zaidi ya 400,000 za shaba kwa mwaka. Mwaka 1990 mgodi wa Kamoto uliporomoka, na mwaka 1994 shaba yote iliyotolewa haikufika tani 50,000. Kampuni ilipodhoofika, mishahara, hospitali na matengenezo ya makambi vilidhoofika pamoja nayo. Kufikia mwaka 2021, katika Kongo nzima ni karibu mtu mmoja tu kati ya watano aliyekuwa na umeme. Basi watu wanaokaa chini ya waya kubwa namna ile wakaanza kutazama juu zaidi ya waya, wakaliona jua.

Umeme wa jua ulivyoanza

Kazi ya kugeuza mwanga kuwa umeme si ya juzi. Mwaka 1839 kijana Mfaransa wa miaka 19, Edmond Becquerel, aliona kwamba mwanga ukipiga vitu fulani huzaa umeme kidogo. Lakini ilipita miaka zaidi ya 100 kabla ya kupatikana chombo chenye kufaa. Mwezi Aprili 1954, katika maabara ya Bell nchini Marekani, mabwana Daryl Chapin, Calvin Fuller na Gerald Pearson walionyesha kipande cha silikoni, kitu kitokacho katika mchanga, kilichogeuza karibu 6 kwa mia ya nguvu ya jua kuwa umeme. Paneli nyingi za juu ya mabati yetu ni wajukuu wa kipande kile.

Miaka minne baadaye likatokea jambo ambalo kila mwenye sola yafaa alijue. Tarehe 17 Machi 1958 Wamarekani walirusha angani chombo kidogo kilichoitwa Vanguard 1. Kilikuwa na redio mbili za kupeleka habari duniani. Ya kwanza ilitumia betri, na ya pili ilitumia vipande vya jua. Redio ya betri ilinyamaza mwezi Juni mwaka ule ule. Redio ya jua iliendelea kusikika mpaka mwaka 1964. Hivyo tangu mwanzo kabisa ilionekana ni kipi chenye maisha mafupi.

Katika Afrika umeme wa jua ulipata marafiki mapema. Wakati wa ukame mkali wa Saheli, Padre Bernard Verspieren wa shirika la Wamisionari wa Afrika, wale wajulikanao kama Mapadre Weupe, alianzisha kazi ya kuchimba visima katika San, nchi ya Mali, ikaitwa Mali Aqua Viva. Mwaka 1977 pampu ya kwanza ya nguvu ya jua iliwekwa katika kijiji cha Nabasso. Padre yule hakutoa pampu bure na kuondoka. Wanakijiji walitakiwa kuchanga sehemu ya gharama, na palikuwa na mafundi wa kuzitunza. Alielewa kwamba kitu kisichokuwa na mtunzaji hakikai.

Katika Kenya, mwaka 1984, fundi Harold Burris na mwalimu Mark Hankins waliweka taa za jua katika shule ya sekondari ya Karamugi, upande wa Meru. Wakulima na walimu wa jirani waliona, wakataka nao, na kufikia mwaka 2000 nyumba zaidi ya 100,000 za Kenya zilikuwa na sola, nyingi zikiwa zimenunuliwa kwa fedha za wenyewe. Tena bei ilishuka sana. Mwaka 1977 nguvu ya wati moja iligharimu karibu dola 76 za Marekani. Kufikia mwaka 2013 ilikuwa chini ya dola moja. Ndiyo maana hata mtu wa kipato kidogo huko Mutoshi ameweza kununua.

Paneli huzeekaje?

Ndani ya paneli hakuna kitu kinachozunguka wala kuungua. Silikoni hailiwi na jua. Vinavyochoka ni vile viishikavyo silikoni: plastiki iliyo kati yake na kioo hugeuka manjano au kuachana, maji hupenya pembeni, viungo vya waya hushika kutu, joto la mchana na baridi ya usiku huvuta na kulegeza lehemu mwaka baada ya mwaka.

Katika Lugano, nchi ya Uswisi, paneli 288 ziliwekwa kazini tarehe 13 Mei 1982. Baada ya miaka 35 zilipimwa, na zaidi ya nusu zilikuwa bado zatoa 80 kwa mia ya nguvu yao ya kwanza, au karibu na hapo. Uswisi ni nchi ya baridi. Joto la mabati yetu na vumbi la barabara za migodi ni vikali zaidi, basi tusidai yale yale. Hata hivyo, wataalamu waliokusanya vipimo vingi vya dunia waliona kwamba paneli nzuri hupoteza karibu nusu ya moja kwa mia kila mwaka. Tuhesabu. Paneli ya wati 50 ikipoteza kiasi hicho, baada ya miaka 20 yatoa karibu wati 45. Tuseme kwetu yapoteza mara mbili ya hapo. Bado itatoa kama wati 40. Je, huyo ni maiti? Mzee wa namna hiyo bado analima.

Kuna paneli zisizofika huko. Zile za silikoni nyembamba, zilizouzwa sana Kenya katika miaka ya 1990, hupoteza sehemu ya nguvu katika miezi ya kwanza, kisha hutulia. Na kuna zile ambazo namba ya mgongoni ni uongo tangu kiwandani. Mwaka 1999, aina kadhaa zilipopimwa Kenya, baadhi zilitoa nguvu pungufu sana kuliko iliyoandikwa. Mnunuzi wa paneli ya namna hiyo husema imezeeka upesi, kumbe alizaliwa nao udhaifu.

Basi, taa zikififia, ni nini kimekufa? Mara nyingi ni betri. Betri ya madini ya risasi na maji makali ya asidi ilibuniwa na Gaston Planté wa Ufaransa mwaka 1859, na mpaka leo namna yake haikubadilika sana. Haipendi kumalizwa. Ikiachwa tupu siku nyingi, chumvi ngumu huganda juu ya mabamba yake ya risasi, nayo haishiki chaji tena. Betri ya gari ni dhaifu zaidi katika kazi ya sola, maana iliundwa kutoa nguvu nyingi kwa dakika moja ya kuwasha injini, si kutolewa kidogo kidogo usiku kucha. Nyingi huisha katika miaka miwili au mitatu, na nyingine hazifiki hapo. Kwa hiyo paneli moja nzuri yaweza kuzika betri saba au nane. Mwenye nyumba asiyejua hivyo huilaumu paneli, huishusha, huiuza kwa bei ya kioo, kisha hununua mpya. Na kwa kuwa betri ni ile ile mbovu, giza larudi.

Sumu iliyo katika betri

Kioo cha paneli kilichovunjika chaweza kumkata mtoto, na katika lehemu yake mna risasi kidogo. Si kitu cha kuchezea. Lakini hatari kubwa iko ndani ya betri, maana zaidi ya nusu ya uzito wake ni risasi.

Hapa yatupasa kutofautisha na kazi ya wazee. Shaba huyeyuka kwa digrii 1,085. Yataka tanuru, mivukuto na mafundi waliofunzwa. Risasi huyeyuka kwa digrii 327 tu, yaani hata juu ya mbabula ya makaa, nyuma ya jiko. Urahisi huo ndio mtego wake. Mtu huvunja betri ya zamani, humwaga maji makali katika mtaro, huyeyusha mabamba apate risasi ya kuuza au ya kutia kwenye nyavu za samaki. Moshi hauna rangi ya kutisha, na vumbi halina harufu. Lakini huingia katika damu. Mtoto mdogo hudhurika kuliko mtu mzima, maana hutambaa chini na kutia vidole mdomoni, na ubongo wake ungali ukikua. Shirika la Afya la Dunia lasema hakuna kiasi cha risasi katika damu kinachojulikana kuwa salama.

Haya yametokea. Katika Thiaroye-sur-Mer, kando ya Dakar nchini Senegal, watu walichimbua udongo uliojaa mabaki ya betri ili wapate risasi ya kuuza. Kati ya miezi ya mwisho ya 2007 na mwanzo wa 2008 watoto 18 walikufa. Katika kijiji cha Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kilifanya kazi katikati ya makao ya watu mpaka kilipofungwa mwaka 2014. Mama mmoja aliyeajiriwa humo, Phyllis Omido, aligundua kwamba mtoto wake ameingiwa na risasi, akaanza kuwatetea wanakijiji wenzake. Mwaka 2020 mahakama ya Mombasa iliamuru walipwe shilingi za Kenya bilioni 1.3, na baadaye kesi ikapanda katika mahakama za juu. Tena tusisahau Kabwe, katika nchi ya Zambia iliyo jirani yetu. Mgodi wa risasi wa huko ulifungwa mwaka 1994, lakini watoto waliozaliwa miaka mingi baada ya hapo wameonekana na risasi katika damu, kwa sababu udongo hausahau.

Betri za lithiumu, zilizo katika taa nyingi za siku hizi, hazina risasi. Baadhi yake, kama zile za simu nyingi, zina kobalti, na nyingi za taa za sola hazina. Nazo zina hatari yao: zikitobolewa au kutupwa motoni zaweza kulipuka na kuwaka.

Nani atakizika?

Nchi yetu yajua sana habari za mwanzo. Mgodi ukifunguliwa huja wakubwa, hupigwa hotuba. Habari za mwisho hazipangwi. Katika Mutoshi yenyewe, mpango wa kuwapa wachimbaji wa mkono eneo lililotengwa ulianza mwaka 2018 chini ya kampuni za Chemaf na Trafigura, ukasimamishwa mwezi Machi 2020 kwa ajili ya ugonjwa wa korona. Shaba na kobalti ya Lualaba huenda mbali, na sehemu yake hurudi kwetu ikiwa waya na betri za simu. Vikifa, vyafia kwetu.

Katika Ulaya sheria ya mwaka 2012 iliwataka wenye kutengeneza na kuuza paneli wachukue mzigo wa kuzikusanya zikichakaa, na mwaka 2018 kiwanda cha kuzivunja na kutoa kioo, alumini, silikoni na shaba yake kilifunguliwa Rousset, kusini ya Ufaransa. Wataalamu walikadiria mwaka 2016 kwamba kufikia 2050 paneli zilizokufa duniani zaweza kufika tani milioni 78. Kongo nayo ina sheria ya mazingira ya tarehe 9 Julai 2011. Lakini sheria haitamzuia mtoto asicheze na betri iliyo nyuma ya nyumba jioni ya leo. Hilo ni kazi ya wazazi na majirani.

Basi twashauri hivi. Kwanza, usihukumu paneli kabla ya kuipima. Ioshe kwa maji na kitambaa laini asubuhi, ikiwa bado baridi. Ikate kivuli cha mwembe. Hakikisha yaelekea kaskazini na kuinama kidogo, maana sisi tuko kusini ya ikweta, na mvua itaisafisha. Adhuhuri fundi aipime kwa mita yake: paneli ya volti 12 isiyofungwa na kitu huonyesha karibu volti 20. Ikionyesha hivyo, tazama waya, viungo na betri kwanza.

Pili, paneli iliyodhoofika ipewe kazi ndogo. Isiyoweza tena kuwasha nyumba nzima yaweza kuchaji simu za jirani au kuwasha taa moja ya mgonjwa.

Tatu, betri usiimalize kabisa, wala usiiache tupu. Ile yenye vifuniko iongezwe maji ya betri tu, si ya kisima. Ikifa, isivunjwe, isimwagwe, isiyeyushwe. Iwekwe wima, mahali pa kivuli, mbali na jiko, kisima na watoto, mpaka apatikane mnunuzi wa kuichukua nzima pamoja na maji yake. Mnunuzi atakayeivunja hapo hapo uani afukuzwe, hata akitoa bei nzuri.

Nne, na hili ni la jumuiya nzima. Nyumba kumi zenye sola zaweza kukubaliana mahali pamoja pa kuweka betri zilizokufa, chini ya ulinzi wa mtu mzima mmoja. Tena kila nyumba igawanye bei ya betri mpya kwa miezi 36, na kuweka akiba kiasi hicho kila mwezi tangu siku betri inapofungwa. Watu wa Mali walichangia pampu zao, nasi twaweza kuchangia taa zetu. Mwenye akiba hatashawishika kuvunja betri ya zamani ili apate fedha za mpya. Wasomaji wapenzi, anzeni hesabu hiyo mwezi huu, wakati taa zingali zawaka.